Punje Tisini na Mbili

Jumamosi, mwezi wa Julai. Ukungu tangu asubuhi.

Leo Meru haupo. Mlima wote umefutwa, na nusu ya migomba yetu nayo imefutwa. Jirani akikohoa unasikia kikohozi, mwenye kukohoa humwoni. Nimeketi mlangoni penye mwanga, penseli nimeichonga kwa kisu cha mama cha kumenyea ndizi, na vidole vimekufa ganzi. Lakini si baridi inayonisumbua. Nakuambia wewe daftari kwa sababu wewe hutanicheka.

Nianze na sifa, maana huwa naanza na sifa. Mimi Zakaria ni mjumbe wa Kamati ya Shule, mdogo kuliko wajumbe wote na mwenye akili kuliko wote. Hilo la pili wenzangu hawajalipigia kura. Waliniingiza mwaka jana kwa sababu kijitabu cha Serikali kinataka kamati iwe na mtu mmoja ajuaye kusoma na kuandika sawasawa, mbali na mwalimu. Mwenyekiti wetu, Mzee Mbise, anaweka dole gumba. Wajumbe wengine wawili wanasoma Biblia tu, tena zile sura wanazozijua kwa moyo. Basi wakatazamana, wakanitazama mimi, wakaguna. Nikawa mheshimiwa.

Elimu yangu ni darasa la pili na nusu. Hiyo nusu nimewaeleza watu kwa namna nyingi. Iliyozoeleka ni kwamba nilimshinda mwalimu wa shule ya chini kwa hesabu, akaona haya, akanirudisha nyumbani. Baadaye mwinjilisti wetu alinifundisha mwenyewe jioni jioni, na sasa nasoma chochote chenye herufi, hata karatasi iliyofungiwa sukari.

Hicho kijitabu ndiye mwenzangu. Kina jalada la kijani na taji la Malkia, na Kiswahili chake ni cha pwani, kimenyooka kama kimepigwa pasi. Kimeandikwa kwa ajili ya wajumbe kama sisi: namna ya kuitisha mkutano, namna ya kumwandikia Bwana Elimu bomani Arusha, choo cha shule kiwe mbali kiasi gani na maji. Nimekisoma chote, mpaka jina la mpiga chapa. Mzee Mbise anaupenda ukurasa wa kazi za mwenyekiti. Nimemsomea mara nyingi hata siku hizi nikiruka neno ananikamata.

Neno ninalolipenda mimi ni uchunguzi. Kijitabu kinasema kamati isikisie mambo, ifanye uchunguzi wake yenyewe. Nilipolisoma hilo mbele ya kikao nilinyanyua shingo, na tangu siku hiyo vijana wenzangu wananiita Bwana Uchunguzi. Wanafikiri wananitania.

Sasa shida yenyewe. Shule yetu ya huku juu ina mwalimu mmoja na madarasa mawili. Bwana Elimu ameandika kwamba darasa la tatu litafunguliwa tukipata mwalimu wa pili, na mwalimu wa pili hatolewi mpaka tuonyeshe kuwa tuna watoto themanini wa umri wa shule. Wakipungua, anayemaliza darasa la pili atateremka shule ya chini, ng'ambo ya mto, au atabaki nyumbani.

Mdogo wangu Anaeli anamaliza darasa la pili mwaka huu. Ana akili kuliko mimi. Hilo nimeliandika kwa penseli ili niweze kulifuta. Na mama ameshasema, bila kupandisha sauti, kwamba ng'ambo ya mto hapeleki mtu. Kwa hiyo ni watoto themanini, au Anaeli akate majani ya ng'ombe mpaka siku atakapokuja mtu kumposa.

Nikasema, hesabu tu? Nipeni wiki moja.

Nilikuwa nimesahau kwamba kwetu mtoto hahesabiwi. Ng'ombe pia hahesabiwi. Mbuzi akipotea tunamjua kwa rangi yake, hatumjui kwa idadi. Nilikwenda nyumba ya kwanza na penseli sikioni, watoto wakiwa wamesimama uani, nikanyoosha kidole: mmoja, wawili. Mama mwenye nyumba aliwafunika wote kwa kanga yake kama kuku, akaniuliza kama mimi nilizaliwa au niliokotwa. Nyumba ya pili nilikuta mlango umefungwa. Nyumba ya tatu nilikuta mlango umefungwa na mbwa amefunguliwa.

Mzee Mbise hakunicheka. Aliniuliza swali moja tu, na sikulipenda:

"Ukitaja hesabu ya watoto kwa sauti, Zakaria, unamwambia nani?"

Nikamjibu namwambia Bwana Elimu. Akasema Bwana Elimu yuko Arusha, hawezi kusikia kutoka huko. Basi anayesikia hapa ni nani? Akaendelea kupogoa kahawa yake.

Hapo ndipo akili yangu ilipowaka. Nilimwomba mwinjilisti, na Jumapili iliyopita baada ya ibada nikaweka kibuyu nyuma ya kanisa, kando yake kikapu cha buni. Kila mama apite peke yake, atumbukize punje moja kwa kila mtoto wake wa umri wa shule: kuanzia anayeweza kupitisha mkono juu ya kichwa akashika sikio la upande wa pili, mpaka ambaye hajapata kipaimara. Hakuna kutaja idadi, hakuna kidole, hakuna mtu kusimama karibu. Asikie kibuyu tu.

Walipita mmoja mmoja, wamegeuza nyuso. Nilikuwa nachungulia kwenye kona, nani angejizuia. Niliona kwamba punje za kwanza zilianguka haraka haraka. Halafu wengine walibaki na punje moja ndani ya ngumi, wamesimama tu, kama mtu anayengoja aitwe. Kisha nayo ikaanguka.

Nilipomimina kibuyu kitandani kwangu, zilikuwepo punje za moto. Si moto wa kuunguza. Moto wa kiganja. Nikazipanga kumi kumi bila kutikisa midomo.

Tisini na mbili.

Nilicheza peke yangu humo ndani. Nikamwambia Anaeli ajiandae kujifunza sehemu na desimali, na akifika huko asinijie na maswali, mimi mtu wa kamati. Nikapita kwa Mzee Mbise kujisifu, nikapita kwa mwalimu kujisifu, nikajisifu hata kwa yule mama wa kanga.

Lakini kijitabu kina ukurasa unaofuata. Idadi haitoshi, yataka majina na umri kwenye fomu, na Bwana Elimu atakuja Alhamisi ijayo uwanjani aite jina moja moja, mtoto aitike. Hilo halikunitisha. Jina si hesabu, jina linaruhusiwa. Tangu Jumatano nikaanza kupita nyumba hadi nyumba na fomu ubaoni, na safari hii milango ilikuwa wazi. Walinikaribisha. Walinipa maziwa ya mgando. Walikuwa wananingoja.

Nyumba ya Mama Aminieli ndiyo ya mwisho kwa juu, inapakana na msitu. Alinitajia majina manne na umri wao, upesi, bila kufikiri. Uani nilimwona Aminieli na dada yake wanapanga kuni. Nikauliza wale wawili wengine wako wapi, niwaone na masikio yao. Alionyesha migomba kwa kidevu.

"Wako hapo."

Ukungu ulikuwa umejaa migombani, huoni shina la tatu. Nikafikiri wanachuma majani. Kwa kuwa mimi nina adabu nikiamua, nilipoondoka nilipaza sauti kuelekea kule nikawaaga: haya wadogo zangu, tutaonana Alhamisi. Hakuna aliyejibu. Mbega mmoja tu aliunguruma juu msituni, na Mama Aminieli akanitazama kwa namna ambayo nilidhani ni shukrani.

Ilikuwa shukrani. Hilo ndilo linalonisumbua sasa.

Jana Ijumaa nikafika kwa Mama Elifuraha. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akanipa kigoda. Akaanza kutaja. Wa kwanza kutajwa:

"Elifuraha. Miaka tisa."

Penseli iliandika Elifu ikasimama.

Elifuraha nilikaa naye benchi moja. Tulikuwa na kibao kimoja cha kuandikia, yeye akiandika upande huu mimi upande ule, na alikuwa na tabia ya kutafuta mate ya kufutia kwenye mdomo wangu kwa sababu wake umekauka. Alikufa mwaka wa surua. Tulikuwa na miaka tisa sote wawili. Mimi sasa nina ishirini.

Nikamwambia, mama, Elifuraha huyu. Sikujua kumalizia. Yeye akarudia taratibu, kama anayemsaidia mtu mzito wa kusikia: miaka tisa. Mdogo wake aliyekuwa akicheza mlangoni akanyanyua kichwa akaniambia kuwa kaka anaanza, yeye anafuata, niandike vizuri nisichanganye.

Nikaandika. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Nilipofika njiani nilikaa juu ya jiwe, nikafungua fomu za Jumatano na Alhamisi, nikasoma majina upya. Safari hii nilisoma kama mtu wa hapa, si kama karani. Nikaanza kuwatambua. Huyu alikuwa wa kikohozi. Huyu alianguka kwenye mti wa parachichi. Hawa wawili wa Mama Aminieli waliondoka ndani ya wiki moja, na kwetu watu wanazikwa nyumbani, migombani.

Wako hapo. Nami niliwaaga, nikaahidi tutaonana Alhamisi.

Sikulala vizuri, lakini hilo tuliache.

Leo ilibaki nyumba moja, yetu. Niliiweka mwisho kwa sababu niliona ni ya bure tu, punje moja, Anaeli, kwisha. Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi. Nikajifanya mgeni, nikabisha hodi nyumbani kwetu, nikasema Serikali imefika. Anaeli alicheka. Mama akasema niandike.

Anaeli, miaka kumi. Nikaandika.

Zakaria, miaka saba.

Nikacheka. Nikamwambia, mama, mimi nimeota ndevu. Ni tatu, lakini zipo. Mimi sina haja ya mwalimu wa pili, mimi ndiye ninayemwomba huyo mwalimu.

Hakuinua macho kwenye kisu.

"Si wewe."

Nilikuwa naisikia ndizi inavyoachana na ganda lake.

Alinieleza huku anamenya, hakusimama hata mara moja. Huyo Zakaria alikuwa kaka yangu, wa kwanza kuzaliwa. Siku hizo huku juu hapakuwa na shule, walikuwa wanateremka wote kule chini. Wiki yake ya kwanza ya kusoma mvua za masika zilishuka kutoka kileleni. Asubuhi alivuka. Jioni mto ulikuwa mwingine. Nilipozaliwa mimi baba alinipa jina lile lile, kwa kuwa ni la babu, na jina la babu haliwezi kulala chini bila mtu wa kulichukua.

Basi nikaelewa mambo mengi kwa pamoja, yakanijia kama watu wanaoingia mlango mdogo.

Ile nusu yangu ya darasa. Ukweli ni huu: nilisoma shule ya chini siku tisa. Siku ya tisa lilipiga tone moja la mvua juu ya bati, moja tu, na mama akatokea mlangoni mwa darasa bila hodi, akanishika sikio mbele ya watoto wote akanitoa. Nilimchukia mwaka mzima. Mwalimu sikumshinda kitu.

Na kibao changu. Nilipoanza shule kilikuwa na jina ZAKARIA limekwaruzwa kwenye mbao, na siku zote nilijua baba ndiye aliyenichongea. Nimekwenda kukitoa uvunguni sasa hivi. Ile Z imegeuzwa, inatazama nyuma. Baba yangu alijua kuandika Z.

Na Anaeli. Tangu akiwa mdogo, akiulizwa na wageni wewe ni wa ngapi, husema wa tatu. Nimemcheka miaka yote. Nimemwambia mbele za watu kwamba hajui kuhesabu hata watu wawili.

Nilitoka nje nikamwendea Mzee Mbise kwenye kahawa yake. Nilimkuta kwa kufuata sauti ya mkasi, mpaka karibu nigongane naye. Nikamwambia yote: fomu ina tisini na wawili, lakini kumi na watano ni marehemu. Wanaoweza kusimama uwanjani ni sabini na saba. Tumepungukiwa na watatu.

Alikuwa anajua. Sidhani kama alijua idadi, ila alijua. Sikuona hata dalili ya kushtuka.

"Ulituomba watoto wetu," alisema. "Ulitaka tukuonyeshe nusu?"

Kisha akaniuliza kitabu kinasemaje. Siku zote nina jibu la swali hilo, ndiyo kazi yangu, ndiyo maana niko kwenye kamati. Leo nikasema hakisemi kitu. Nikamwambia na jambo ambalo naona aibu kuliandika: kwamba wanatakiwa watatu tu. Bwana Elimu ni Mzungu, watoto wetu kwake wanafanana wote. Tunaweza kufuta kumi na wawili, tukabakiza watatu, na watoto wa bonde la pili wakaja kuitikia majina yao. Yeye dole gumba lake liko tayari kwa lolote nitakaloandika, namjua.

Mkasi ukanyamaza.

"Hao watatu utawachagua wewe?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. Nikajaribu kuchagua, palepale, kichwani. Elifuraha? Wa Mama Aminieli, mmoja nimchukue, mmoja nimwache hapo migombani? Niliwaona wamesimama mstari mmoja, wameshika masikio yao juu ya vichwa, wananitazama nani nitamwita. Nikamwambia mzee hapana, siwezi. Akaniambia basi rudi ukakisome tena.

Nimekisoma tena. Na sasa sikia aibu ya Bwana Uchunguzi aliyesoma hata jina la mpiga chapa. Mwisho kabisa kuna ukurasa wenye mistari mitupu. Siku zote niliupita, nikidhani umebaki tu. Lakini juu yake kuna maneno madogo: kwamba idadi ikiwa haikutimia, kamati yaweza kueleza hapa kizuizi kinachowafanya watoto wasiweze kusoma shule nyingine, na Bwana Elimu hana budi kuyapeleka maelezo hayo mbele ya halmashauri ya wilaya kabla ya kukataa.

Kizuizi.

Nimechukua fomu mpya. Nimeandika sabini na saba walio hai, na mahali pa jumla nimeandika sabini na saba, bila kupepesa. Kisha kwenye mistari mitupu nimeandika kwamba kizuizi chetu ni mto, na chini yake majina ya watano waliochukuliwa na mto wakienda au wakirudi shule ya chini. Jina, umri, njia aliyokuwa akienda. Nimemwita mama asikilize nikisoma. Alisikiliza huku amesimama. Kwenye jina la kwanza alisahihisha: hakuwa akirudi na wenzake, alikuwa peke yake, wenzake walimtangulia. Nikaandika peke yake.

Wale kumi waliobaki mto hauwahusu, na fomu haiwaulizi. Nimewaandika ndani yako wewe daftari, ukurasa wa nyuma, kwa wino. Hakuna atakayewafuta huko.

Kesho baada ya ibada nitawasomea akina mama kabla mzee hajaweka dole. Jumatatu nashuka na karatasi hiyo mpaka bomani. Haina themanini, ila ina kila kitu kingine. Kama halmashauri itaona mto ni sababu, Anaeli ataingia darasa la tatu hapa hapa. Kama haitaona, sijui. Mara ya kwanza maishani nimeandika kitu ambacho sijui kama kitashinda, na bado sitaki kubadili hata nukta.

Kuna jambo moja tu. Mwalimu anasema Bwana Elimu ana desturi ya kusoma karatasi yote kwa sauti mbele ya watu, mwanzo hadi mwisho, haruki kitu. Kwa hiyo Alhamisi, akimaliza kuwaita walio hai, ataendelea kusoma maelezo kwa sauti ile ile, uwanjani, na ukungu ukiwa hivi. Atafika mahali palipoandikwa Zakaria, miaka saba.

Nimezoea kuitika jina hilo miaka ishirini. Siku hiyo nitaziba mdomo kwa mkono. Nitasimama karibu na mama, nitatega sikio.

Na akiitika?